Kiini Kipya na Njia ya Kurudi

Historia ya kompyuta aghalabu huandikwa kwa majina ya wavumbuzi: huyu alibuni mashine, huyu alitunga lugha, huyu alianzisha mfumo. Habari za watunzaji, yaani watu waliopokea kazi za wavumbuzi wakaziweka hai mwaka hata mwaka, husimuliwa kwa nadra. Lakini mfumo ukishatungwa hutumika miaka kumi, ishirini au hamsini, na katika muda huo wote haukomi kubadilishwa. Mvumbuzi alikuwa na bahati moja ambayo mtunzaji hana: alianza na uwanja mtupu, na hapakuwa na mtu aliyeutegemea mfumo wake. Mtunzaji hubadilisha kitu ambacho watu wamekwisha kukitegemea, na kosa lake huonekana siku ile ile. Sehemu moja ya kazi hiyo yastahili kuchunguzwa peke yake: namna watu walivyojifunza, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, kubadilisha kiini cha mfumo wa uendeshaji ambacho wamekisanidi kwa mikono yao wenyewe, pasipo kuipoteza mashine.

Kiini ni ile programu ambayo huamka kwanza na kulala mwisho. Ndiyo igawayo kumbukumbu baina ya programu nyingine, ndiyo iamuayo ni programu ipi itumie kichakataji na kwa muda gani, na ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kuzungumza na diski, kadi ya mtandao na kibodi. Programu ya kawaida ikiharibika, kiini huiua na kuendelea na shughuli zake. Kiini chenyewe kikiharibika, hapana kilichosalia chini yake cha kukiokoa. Tena mashine hazifanani. Moja ina diski ya namna hii, nyingine ya namna ile. Moja ina kumbukumbu tele, nyingine ina uhaba. Kwa hiyo tangu zamani mwenye mashine alitakiwa kuchagua: kiini chake kijue vyombo gani na kisijue vipi, kiwe na uwezo gani na kikose upi. Uchaguzi huo ndio uitwao usanidi. Usanidi humfaidi mwenye mashine kwa sababu kiini huwa chepesi na chenye kuilingana mashine yake kama kanzu iliyopimwa mwilini. Lakini kanzu iliyopimwa ina udhia wake: kila kitambaa kipya kikija, kipimo huchukuliwa tena.

Udhia huo ulianza mapema. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza jamii ya mashine iliyoitwa System/360, na mfumo wake mkubwa, OS/360, ukaanza kuwafikia wateja mwaka 1966. Mteja aliupokea kwenye kanda au diski, lakini hakuweza kuutumia vivi hivi. Ilimpasa kwanza kuuzalisha mfumo wake mwenyewe kwa kazi ya hatua mbili. Katika hatua ya kwanza aliandika maelezo ya vyombo vyake vyote na mashine ikayageuza kuwa mfululizo mrefu wa amri. Katika hatua ya pili amri hizo zilitekelezwa, na mwisho wake ukapatikana mfumo uliofanana na chumba chake cha mashine na si cha mtu mwingine. Kazi hiyo ilikula saa nyingi za mashine ambayo kodi yake ilikuwa ghali. Aliyekosea neno moja katika maelezo yake aliweza kuligundua baada ya saa hizo kupita. Hapo ndipo kanuni ya kwanza ya watunzaji ilipopata mizizi: diski yenye mfumo wa zamani haiguswi mpaka ule mpya uwe umekwisha kufanya kazi. Mfumo mpya ulijengwa penye diski nyingine, na ule wa zamani ndio uliotumika kuujenga.

Mfumo wa Unix, uliozaliwa mwaka 1969 katika Bell Labs kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na ule wa IBM. Lakini ulileta jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya C, na toleo la sita, la mwaka 1975, lilienea katika vyuo vikuu pamoja na msimbo wake wote. Mtunzaji wa chuo hakuwa na fundi wa kampuni wa kumwita. Alikuwa na msimbo, alikuwa na programu ndogo iitwayo mkconf ya kuorodhesha vyombo vyake, na alikuwa na wanafunzi waliokuwa wakiingoja mashine. Alitafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, akapata kiini, akakiwasha.

Usalama wake ulikuwa katika jambo dogo. Mashine zile zilipowashwa ziliuliza jina la faili la kiini, na mtu aliketi akalichapa. Basi mtunzaji mwenye akili hakukiandika kiini kipya juu ya cha zamani. Alikiweka kando kwa jina jingine, akalichapa jina lile kwa mara moja, akatazama. Kikikataa, alizima mashine, akachapa jina la zamani, na watu wakaendelea na kazi zao bila ya kujua kwamba palikuwa na jaribio. Faili mbili na majina mawili: hiyo ndiyo iliyokuwa njia yote ya kurudi, na haikugharimu kitu ila nafasi kidogo ya diski.

Katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley desturi hiyo iligeuzwa kuwa utaratibu. Toleo liitwalo 4.2BSD, la mwaka 1983, lilikuja na programu ya config pamoja na mwongozo wake uliomfundisha mtunzaji kuandika usanidi wake katika faili moja fupi lenye kusomeka. Pembeni mwa faili hilo liliwekwa jingine, lililoitwa GENERIC, lenye kueleza kiini cha watu wote: kinene, kisicho na upendeleo, chenye kujua karibu kila chombo. Kiini hicho hakikumpendeza mtu yeyote kwa wepesi, lakini kilimwokoa kila mtu. Mtunzaji aliyeukosea usanidi wake alikuwa na pa kukimbilia.

FreeBSD, iliyorithi mila hiyo tangu mwaka 1993, iliongeza kwamba kiini kipya kinaposakinishwa, cha zamani hubadilishwa jina na kuhifadhiwa kwa nyongeza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzee. Utaratibu huo ulikuwa mwema, lakini ulikuwa na mtego ambao wengi waliunasa mguu. Mtu husakinisha kiini kipya, kikawa kibovu. Kwa haraka yake hurekebisha na kusakinisha tena. Papo hapo kile kibovu cha kwanza huhama na kukalia mahali pa cha zamani, na kiini cha mwisho kilichokuwa kizima hufutika. Mtu hubaki na vibovu viwili akidhani ana kimoja cha akiba. Kwa sababu hiyo watunzaji waliozoea walijifunza kukitunza kiini chema kwa jina la tatu, jina ambalo hapana programu ilijualo wala kuligusa. Akiba itunzwayo na chombo kile kile kiletacho hatari si akiba kamili.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliutangaza mfumo aliokuwa akiutunga kwa mashine yake ya nyumbani. Toleo la 0.01, la Septemba mwaka ule, lilikuwa na mistari kama 10,000 ya msimbo, na usanidi wake ulikuwa umeandikwa ndani ya msimbo wenyewe: diski iliyotajwa ilikuwa diski ya Torvalds, na kibodi ilikuwa ya Kifini. Katika maana hii Linux ilianza kama kiini kilichosanidiwa kwa ajili ya mtu mmoja, na historia yake yote iliyofuata ni habari ya kukipanua kiini hicho kiwaenee walimwengu. Toleo la 1.0, la tarehe 14 Machi 1994, lilikuwa na mistari 176,250. Kufikia mwaka 2020 mistari ilikuwa imepita milioni 25, na maswali ambayo usanidi waweza kuuliza yalikuwa zaidi ya elfu kumi.

Katika miaka ya tisini mtumiaji wa Linux alikisanidi kiini chake kwa lazima. Mashine nyingi zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4 au 8 tu, na kila kiendeshi cha chombo asichokuwa nacho kilimwibia nafasi. Alitoa amri, na programu ikamwuliza swali moja baada ya jingine: je, wataka hiki? Je, wataka kile? Aliyejibu vibaya katika swali la mia hakuwa na njia ya kulirudia. Alianza tena tangu la kwanza. Baadaye zilikuja orodha za kuchagulia, na moduli, yaani vipande vya kiini viwezavyo kuingizwa na kutolewa mashine ikiwa hai. Hata hivyo swali kubwa lilibaki pale pale. Mtu amekwisha kutumia siku nzima akijibu maswali mia mbili kwa toleo la mwaka jana. Mwaka huu limetoka toleo jipya. Afanye nini na majibu yake?

Majibu yale yalikuwa yamehifadhiwa katika faili, na wepesi wa kwanza uliomjia kila mtu ulikuwa ni kulichukua faili la zamani na kuliweka katika msimbo mpya kama lilivyo. Lakini toleo jipya huja na maswali ambayo la zamani halikuyajua, huacha mengine, na mengine huyapa jina jipya. Faili la zamani likiachwa kama lilivyo hunyamaza penye swali jipya, na kimya chake chaweza kuhesabiwa kuwa ni jibu la hapana. Dawa ilikuwa amri iitwayo oldconfig, ambayo huyasoma majibu ya zamani, huyakubali yaliyo hai, kisha humwuliza mwenye mashine yale mapya peke yake. Kwa njia hiyo maswali elfu hupungua yakawa thelathini au arobaini. Hao thelathini ndio wenye kuhitaji macho. Mtu mwenye haraka hujibu yote kwa kubonyeza kitufe kimoja, akakubali kila pendekezo. Mtu mkaidi hujibu yote kwa hapana, akidhani kwamba kilichoishi bila ya kitu jana chaweza kuishi bila yake leo. Wote wawili wameyakimbia maswali.

Lugha ya kuandikia maswali yenyewe ilizua mgogoro ambao wanahistoria wa teknolojia wangefaa kuukumbuka. Tangu mwaka 2000 Eric Raymond alitunga utaratibu mpya kabisa uitwao CML2, wenye kufuatana na mantiki na wenye kumzuia mtu asichague mambo yanayogongana. Lakini ulitaka lugha ya Python iwemo katika kila mashine ya kujengea kiini, na ulitaka mabadiliko makubwa yaingie kwa pamoja. Haukukubaliwa. Mahali pake, Oktoba 2002, uliingizwa utaratibu wa Roman Zippel, ulioandikwa kwa C na wenye kufuata desturi za wajenzi wa kiini, na ndio utumikao mpaka leo. Hapa yaonekana kwamba hata chombo cha kusaidia mabadiliko salama chenyewe ni badiliko, nacho hupimwa kwa kipimo kile kile: je, kitawaacha watu wakiwa na njia?

Njia ya kurudi katika Linux ya miaka hiyo ilishikwa na programu ndogo iitwayo LILO, iliyotungwa na Werner Almesberger mwaka 1992. Kazi yake ilikuwa kukitafuta kiini katika diski na kukiamsha. Lakini LILO haikuyajua mafaili. Ilijua mahali tu, yaani ilikariri kwamba kiini kimekaa katika sehemu hii na hii ya diski. Aliyekiandika kiini kipya asiiendeshe LILO ili ikariri upya, alizima mashine yenye afya na kuwasha mashine iliyokwama. Wengi wakaipata elimu hiyo kwa uchungu. Hata hivyo LILO ilikuwa na fadhila mbili: iliweza kuorodhesha viini kadhaa ili mtu achague, na iliweza kuambiwa ijaribu kiini fulani kwa mara moja tu, kisha itakapowashwa tena irudie kile cha kawaida. Fadhila ya pili ilikuwa neema kwa mwenye seva iliyo mbali naye. Aliagiza kiini kipya kwa mara moja, akaiamuru mashine kwamba ikipatwa na fadhaa ijiwashe upya baada ya sekunde kadhaa, kisha akangoja. Kiini kikiwa kizima, mashine ilimjibu. Kikiwa kibovu, ilianguka, ikajiinua na kurudia kiini cha zamani, naye hakuhitaji kusafiri ili kubonyeza kitufe.

Pamoja na hadhari zote hizo, mwaka 2001 uliwafunza watunzaji kwamba namba ya toleo si hati ya amani. Mfululizo wa 2.4 ulihesabiwa kuwa ndio ulio imara. Hata hivyo Septemba mwaka ule, katika toleo la 2.4.10, sehemu nzima ya kusimamia kumbukumbu iliondolewa na nyingine kutiwa mahali pake. Oktoba lilitoka toleo la 2.4.11, likapatikana na kosa baya hata likaongezewa katika jina lake maneno ya kuwakataza watu wasilitumie. Novemba lilitoka toleo la 2.4.15, nalo lilikuwa na kosa lililoharibu mfumo wa mafaili wakati wa kufunga diski, yaani wakati ule ule ambapo mtu huzima mashine yake kwa utaratibu mwema. Toleo la 2.4.16 lilifuata kwa siku chache kulirekebisha. Waliokimbilia toleo jipya siku ya kwanza walilipa gharama. Waliongoja wiki moja hawakulipa kitu. Tangu hapo kungoja kukahesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi, na aliyengoja hakuitwa mvivu.

Matatizo hayo yalizaa marekebisho ya utaratibu. Machi 2005 Greg Kroah-Hartman na Chris Wright walianzisha matoleo ya uimarishaji: kila toleo kubwa likishatoka, yanafuata madogo yenye masahihisho tu, bila ya mambo mapya. Mtunzaji aliweza sasa kutenganisha safari mbili ambazo zamani zilikuwa moja. Ya kwanza ni fupi, ya kuchukua masahihisho ndani ya mfululizo ule ule, ambamo usanidi wake haubadiliki ila kwa nadra. Ya pili ni ndefu, ya kuhamia mfululizo mwingine, nayo hutaka siku yake na maandalizi yake. Aprili mwaka ule ule Torvalds alitunga Git, na pamoja nayo ikaja njia ya kumtafuta mkosaji kwa kugawa nusu kwa nusu: mabadiliko 10,000 baina ya toleo zima na toleo bovu huchujwa kwa majaribio yapatayo 14 mpaka badiliko moja lenye kosa lipatikane. Juu ya yote hayo ilisimama sheria ambayo Torvalds ameishikilia kwa ukali usiofichika: programu iliyokuwa ikifanya kazi katika kiini cha zamani haina budi kufanya kazi katika kipya, na ikishindwa, kosa ni la kiini.

Sheria hiyo iliwalinda waandishi wa programu kuliko ilivyowalinda wenye kusanidi kwa mkono, kwa maana majina ya vitu ndani ya usanidi yaliendelea kuhama. Mwishoni mwa mwaka 2006 viliingizwa viendeshi vipya vya diski za zamani, na mashine zilizovihamia zilikuta diski iliyoitwa hda imeanza kuitwa sda. Kiini kilipoamka kilitafuta diski ya mizizi kwa jina lisilokuwapo, kikasimama. Ndipo desturi ya kuitaja diski kwa kitambulisho chake cha kudumu ilipoenea. Mwaka 2008 kadi nyingi za mtandao za Intel zilihamishwa kutoka kiendeshi cha e1000 kupelekwa katika e1000e. Aliyekuwa na usanidi wa zamani wenye jina la kwanza peke yake, akajibu hapana kwa la pili, aliwasha mashine nzima isiyokuwa na mtandao. Mashine ilikuwa hai, lakini kwa mwenye kuitawala kutoka mbali ilikuwa kama imekufa.

Mwaka huo huo ulileta fundisho zito zaidi. Katika matoleo ya majaribio ya 2.6.27 baadhi ya kadi za mtandao ziendeshwazo na e1000e zilianza kupoteza maandishi yaliyohifadhiwa ndani yake, na kadi iliyoyapoteza haikuamka tena. Shaka ya kwanza ilikiangukia kiendeshi cha kadi. Uchunguzi wa wiki kadhaa ulionyesha kwamba mkosaji alikuwa mwingine kabisa: chombo cha kufuatilia mwendo wa kiini, kilichokuwa kikiandika katika mahali pa kumbukumbu ambapo zamani palikuwa na msimbo wa moduli na sasa pamekwisha kupewa kadi. Chombo hicho kilifungiwa katika toleo la 2.6.27.1. Aliyepatwa na msiba huu alikuwa na kiini cha zamani katika diski, alikuwa na njia ya kurudi, naye alirudi. Lakini kadi yake haikurudi pamoja naye. Kiini cha akiba huponya yale tu ambayo kiini kipya hakijayaandika mahali pa kudumu. Kwa hiyo nakala ya data kabla ya badiliko, ambayo wengi waliiona ni woga wa kupita kiasi, ilipata hoja yake.

Kutokana na misiba kama hii huenda mtu akahitimisha kwamba salama ni kutobadilisha kabisa. Historia inamkanusha. Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka yote ya mashine. Ilikuwa imekaa katika kiini tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Torvalds mwenyewe alieleza kwamba alijaribu kulisahihisha jambo lile miaka kumi na mmoja kabla, na sahihisho likaondolewa kwa sababu ya matatizo katika mashine za namna nyingine. Kiini ambacho hakikuguswa kwa miaka kilikuwa kimetulia, lakini mlango wake ulikuwa wazi muda wote. Januari 2018 zikatangazwa kasoro za Meltdown na Spectre, zilizomo katika vichakataji vyenyewe, na kinga zake zikaja ndani ya kiini kwa sura ya maswali mapya ya usanidi. Pendekezo lilikuwa ndiyo. Mtu aliyezoea kujibu hapana kwa kila asichokijua, kwa kutaka kiini chake kibaki chepesi, aliweza kuchukua toleo lenye ngao na kuiacha ngao mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Baina ya hatari ya kubadili na hatari ya kubaki, wengine walitafuta njia ya tatu. Mwaka 2008 Jeff Arnold wa MIT alionyesha chombo kiitwacho Ksplice, chenye kutia masahihisho ndani ya kiini kilicho hai bila ya kuzima mashine. Mwaka 2011 Oracle iliinunua kampuni yake, na Aprili 2015 uwezo wa namna hiyo uliingizwa katika kiini cha Linux chenyewe, toleo la 4.0. Hata hivyo njia hii hufaa kwa kiraka na haifai kwa kanzu nzima: huziba tundu moja lijulikanalo, wala haihamishi mashine kutoka mfululizo hadi mfululizo. Tena kiraka hutengenezwa kwa kiini kilichojengwa kwa usanidi maalumu. Aliyejisanidia mwenyewe hutakiwa kujishonea na viraka mwenyewe, na wachache wana subira hiyo.

Jambo hili lingeweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi wachache katika vyumba vya seva, lau Android isingekuja mwaka 2008 na kiini cha Linux ndani yake. Leo simu nyingi zilizomo mikononi mwa watu wa Afrika ya Mashariki, za wanafunzi, wafanya biashara na wakulima, huamshwa na kiini hicho. Kila mtengenezaji alikichukua, akakisanidi na kukibadilisha kwa ajili ya simu yake, akaongeza msimbo wake mwingi, kisha akauza. Masahihisho yalipotoka, kuyahamishia katika kiini kilichokwenda mbali na asili yake kulikuwa kazi ngumu na ya gharama, nayo mara nyingi haikufanywa. Mnunuzi hakuulizwa swali hata moja la usanidi, lakini matokeo ya majibu ya mtu mwingine yalibaki mfukoni mwake.

Dawa zilizotafutwa zilikuwa za zamani kwa umbo jipya. Android 7.0, ya mwaka 2016, ilileta simu zenye sehemu mbili za mfumo: mpya huandikwa katika sehemu isiyotumika, simu huijaribu, na mpya isipothibitisha kwamba imeamka salama, simu hurudia ile ya kwanza. Hiyo ni akili ile ile ya mtunzaji wa Unix aliyechapa majina mawili, isipokuwa sasa mashine hujichapia yenyewe. Mwaka 2021, kwa simu zilizotoka na Android 12 na kiini cha 5.10, ilitakiwa kiini kiwe kimoja kwa wote, na mambo ya kila mtengenezaji yakae katika moduli za kando. Huo nao ni urithi wa GENERIC ya Berkeley. Kiini cha watu wote, ambacho watunzaji hodari wa zamani walikiona kinene na kisicho na ladha, kilirudi kwa heshima, kwa kuwa kilichofanana kwa wote chaweza kusahihishwa kwa wote.

Mafunzo ya miaka hiyo yote hukusanyika katika mwenendo mmoja ambao mtunzaji wa leo aliyesanidi kiini chake aweza kuufuata. Huweka nakala ya data yake na ya faili la usanidi. Huandika ni vyombo gani ambavyo mashine haiwezi kuamka bila yavyo: diski, mfumo wa mafaili, mtandao. Husoma habari za mabadiliko kabla ya kuchukua msimbo. Hubeba majibu ya zamani, akajibu mapya moja baada ya moja, na lile asilolijua hulitafuta maana yake. Hulinganisha usanidi wa zamani na mpya, apate kuona kilichotoweka bila ya kuaga. Hukipa kiini kipya jina lake, akakiacha cha zamani pamoja na moduli zake, na cha watu wote kando yao. Hukijaribu kwa mara moja, akiwa na njia ya kuifikia mashine hata mtandao ukikatika. Hukitazama kwa siku kadhaa, tena chini ya kazi halisi, maana kuamka si kufanya kazi. Ndipo hukifanya kuwa cha kawaida. Na kile kizima cha zamani hakifuti mpaka kipya kiwe kimezoeleka.

Katika hatua hizo hapana hata moja iliyobuniwa na mtu mmoja siku moja. Kila moja iliwekwa na msiba uliompata mtu, na nyingi kati ya hizo ziliandikwa na watu ambao historia haikuyahifadhi majina yao. Wavumbuzi waliwapa walimwengu kiini. Watunzaji waliwapa uwezo wa kukiacha kimoja na kukishika kingine, na kurudi pale waliposhindwa. Kwa mwenye seva iliyo mbali, na kwa mwenye simu isiyopokea tena masahihisho, uwezo huo wa pili una uzito usiopungua ule wa kwanza.